Nguo ya kuazima: Game Boy SP niliyonunua Mashine Tatu

Mimi ni fundi saa. Meza yangu ipo pembeni ya Soko Kuu la Iringa, na miaka 22 sasa nainama na lenzi jichoni kutafuta kasoro ambayo mwenye saa mwenyewe haioni. Mtu akiniletea Seiko, kabla hajamaliza salamu nimeshajua kama ni Seiko au ni jina tu. Kwa hiyo nilipouziwa kanda feki ya gemu, kitu cha ukubwa wa kiberiti, sikumsimulia mtu kwa wiki nzima.

Chanzo ni mpwa wangu, binti wa dada yangu wa Makambako. Yupo kidato cha pili, na likizo ya Juni huja kwangu Kihesa. Mnaoijua Iringa ya Juni mnaelewa: hadi saa nne asubuhi mtoto hatoki kwenye blanketi, na akiwa kwenye blanketi anataka simu yangu. Nikamnyima simu. Akanyamaza siku mbili, ya tatu akaja na hoja. "Mjomba, simu umekataa kwa sababu ya intaneti, sivyo? Basi ninunulie Game Boy. Haina intaneti." Huyu mtoto akisomea sheria atakula vizuri.

Sisi wa rika langu jina hilo tulilitumia ovyo. Shuleni tulikuwa na vile vigemu vya matofali, plastiki nyepesi kama sahani ya sherehe, vimeandikwa vina gemu 9999, na zote zilikuwa matofali yaleyale yakidondoka, tofauti ni mwendo tu. Tuliviita Game Boy. Havikuwa. Game Boy ni ya Nintendo ya Japani, ilitoka 1989, ikila betri nne kama hizi za saa ya ukutani, na kanda yake inachomekwa kwa nyuma. Gunpei Yokoi, ambaye timu yake ndiyo iliyoiunda, alikuwa ameanza na Game & Watch mwaka 1980: kigemu bapa chenye saa ndani, kinachotumia betri za kitufe. Hicho nimewahi kukishika. Mteja alikileta akidai ni saa yake ya mezani imekufa. Nikaweka betri mpya, saa ikarudi, nikamrudishia bila kujua nilichokuwa nimekishika. Hadi leo roho inaniuma.

Kosa la kwanza nililifanya mwenyewe. Niliingia duka la vifaa vya simu Miyomboni nikaomba Game Boy, nikapewa kidude chekundu chenye sura ya Game Boy ya zamani, skrini ya rangi, kimeandikwa gemu 400. Shilingi 30,000. Nikafungua mgongo palepale kaunta: betri BL-5C. Ile ya Nokia ya tochi! Na hakina mahali pa kuchomeka kanda, gemu zote zimo ndani. Hapo huhitaji lenzi wala fundi. Nintendo hawajawahi kutoa Game Boy inayotumia betri ya Nokia.

Nilikinunua hivyohivyo, nikijua ninachonunua, na kwa bei hiyo sikilaumu. Betri ikichoka unapata nyingine kibanda chochote. Gemu 400 mpwa wangu alizihesabu akaishia kama 150, zilizobaki ni zilezile zimebadilishwa majina. Kama mtoto wako ana miaka saba, mchukulie hicho na mambo yaishe. Wangu alikichezea jioni moja akanirudishia kwa mikono miwili: "Asante mjomba, lakini siyo hii." Sasa kipo kwa mtoto wa jirani, kinapiga kelele hadi usiku.

Akanionyesha picha ya aliyoitaka. Game Boy Advance SP, ya 2003, inakunjwa kama pochi ya mama, ina betri yake ya kuchaji. Nikaanza kuulizia. Mashine Tatu kuna vijana wanaotandika turubai na kumwaga vitu vya kontena: pasi, rimoti zisizo na televisheni, kamera, roboti wasio na mikono. Mmoja alikuwa nayo, ya rangi ya fedha, inameremeta.

"Kamwene mzee wangu. Hii OG, imetoka Uingereza na kontena. Mchina hajaigusa."

Alianzia 120,000, tukafika 90,000. Kanda ya gemu aliyoitaka mpwa wangu, Pokémon Emerald, ikawa 25,000 na hapo akagoma kabisa kushuka, akisema kanda hiyo watu wanaigombania. Kwa hilo alisema kweli, na ndiyo maana feki zake ni nyingi kuliko zenyewe.

Sasa nilipoiweka mezani chini ya taa. Jambo la kwanza lililonikera ni ule mng'aro. Kitu cha watoto cha miaka zaidi ya ishirini hakina mkwaruzo hata mmoja? Nikageuza. Nintendo hufunga vitu hivi kwa skrubu za mifereji mitatu, yenye alama kama herufi Y. Mafundi simu wengi siku hizi wana ncha ya sura hiyo kwa sababu ya iPhone, ila ya iPhone ni ndogo zaidi, kwa hiyo ukiazima hakikisha inaenea. Yangu nyuma ilikuwa na skrubu za nyota za kawaida, tena mbili zimeliwa vichwa. Angalizo: skrubu ya mlango wa betri hata kwenye halisi ni ya nyota, usije ukagombana na mtu kwa hiyo. Juu kwenye skrini, zile raba ndogo zinazofunika skrubu hazikuwepo, zimebaki mashimo.

Kisha stika ya nyuma. Imeandikwa AGS-101. Hapa inabidi nieleze kidogo, kwa sababu ndipo pesa inapopotelea. SP zipo za namna mbili kubwa. Ya kwanza, AGS-001, taa yake inaangaza skrini kutokea mbele, picha inaonekana kama imepakwa maziwa. Ya pili, AGS-101, ilikuja 2005, taa ipo nyuma ya skrini na rangi zinakolea. Wanaojua wanataka ya pili, na bei yake iko juu. Kwa hiyo anayebandika stika hubandika ile inayouzika. Kuna kitufe kidogo cha taa kwenye nusu ya chini, karibu na bawaba. Kibonyeze. Kwenye 001 taa inazima kabisa, skrini inakuwa giza la jioni. Kwenye 101 taa haizimi, inapungua tu halafu inarudi. Yangu ilizima pwaa.

Nilicheka peke yangu. Stika inasema 101, taa inasema 001. Stika inabandikwa na yeyote, lakini taa hiyo hakuna anayeibadilisha bila kubadilisha skrini nzima. Na wapo wanaobadilisha skrini kwa makusudi, wakaweka za kisasa, hizo zinang'aa kuliko zote, basi waseme.

Na hili la Mchina. Kwetu ukitaka kutukana kitu unasema "cha Mchina". Yule kijana alidhani ananisifia bidhaa. SP halisi nyingi nyuma zimeandikwa zimetengenezwa China, na Nintendo hawaoni aibu. Ukikataa kwa sababu ya neno hilo utaiacha halisi. Ukikubali kwa sababu imeandikwa Japani, nitakuuzia mimi stika.

Lakini sikuwa tayari kusema nimepigwa. Saa nyingi ninazoletewa kioo ni kipya, mkanda mpya, hata kasha si lake, ila mashine ni yenyewe. Nikafungua. Bodi ilikuwa na jina Nintendo limechapwa juu yake, mwaka 2002, na herufi AGS-CPU. Chipu kubwa imeandikwa CPU AGB. Uchafu wa miaka ulikuwepo pale unapostahili kuwepo, kwenye pembe, na kutu kidogo kwenye miguu ya swichi ya kuwashia. Kwa jicho langu hiyo ilikuwa mashine ya kweli. Mtu ameichukua ikiwa na kava iliyopasuka, akaivika kava mpya ya dukani, akabandika stika ya kujipendelea.

Kuna kipimo kingine ambacho hakihitaji bisibisi, nilikigundua baadaye nikakipenda kuliko vyote. SP halisi inasoma pia kanda za Game Boy za zamani, zile kubwa, nusu yake ikibaki inaning'inia nje. Chomeka moja, washa, kisha bonyeza vitufe vya bega, cha kushoto na cha kulia, kimoja kimoja. Kwa kimoja picha inatanuka kujaza upana wa skrini, na kwa kingine inarudi kuwa karibu ya mraba. Kitendo hicho kimo ndani ya mashine yenyewe, hakitoki kwenye kanda. Nyingine: iwashe bila kanda yoyote. Halisi inaonyesha jina Game Boy kwa mbwembwe zake halafu inasimama hapo kusubiri. Ikikuletea orodha ya gemu, umeshika ndugu yake yule wa betri ya Nokia. Na ukiona tundu la hedfoni, kimbia: SP haina, hata watu wa kwao waliilalamikia kwa hilo.

Basi, kwa mashine yenyewe naipa nyota nne kati ya tano. Vitufe vinabonyea vizuri, chaji ilikaa siku tatu za mchezo wa mtoto. Nyota moja nimeikata kwa ajili ya stika. Kama 001 iliyobadilishwa kava ningetoa 60,000 bila kinyongo. Hiyo 30,000 ya juu nimelipia namba.

Kanda sasa.

Kwa siku nne mpwa wangu hakuniomba simu. Siku ya tano asubuhi nikasikia kimya kibaya. Alikuwa amekaa na blanketi mabegani anatazama skrini. Kila alichohifadhi kimepotea. Gemu linaanza upya kama halijawahi kumwona. Hakulia, ila alinitazama kama mimi ndiye niliyelitengeneza.

Nikaichukua kanda, na safari hii nikaitazama kama ninavyotazama saa ya mteja mbishi. Kava ya Emerald inatakiwa iwe ya kijani inayopenya mwanga. Hii ilikuwa kijani cha ndoo. Stika halisi ina namba mbili ndogo, wakati mwingine na herufi, zilizogongwa kwa muhuri usio na wino, yaani hazijachapwa, zimedidimizwa kwenye karatasi. Huzioni mpaka uinamishe kanda dhidi ya mwanga. Yangu ilikuwa laini kama paji la mtoto. Kisha nikachungulia kwenye mdomo wa kanda, pale kwenye meno ya dhahabu. Kwenye halisi, juu kidogo ya meno hayo unasoma jina Nintendo kwenye bodi bila kufungua chochote. Yangu palikuwa patupu. Sekunde tano tu, nimesimama palepale kwenye turubai, ningeliona hilo. Sikuchungulia kwa sababu nilikuwa nimeshughulika kubishania bei.

Nilipofungua ndipo niliona haya. Emerald halisi ina saa ndani. Si mfano wa saa, ni saa: kuna betri ya CR1616, kuna chipu ya kuhesabu muda, na kuna kwotzi, kile kijiwe kinachotetema, inayopiga mara 32,768 kwa sekunde. Namba hiyo fundi saa yeyote anaijua kuliko namba ya simu ya mkewe. Ndiyo kwotzi iliyomo kwenye saa ya mkono: gawa mapigo hayo kwa mbili mara kumi na tano, unabaki na pigo moja kwa sekunde, mshale unasogea. Watu wa Pokémon waliiweka ili matunda kwenye mchezo yaote kwa siku za kweli na bahari ijae na kupwa. Mimi nilifungua nikitarajia kukutana na kitu cha kazi yangu, nikakuta tone jeusi la gundi kama lami katikati ya bodi tupu, chipu imezikwa chini yake. Hakuna kwotzi. Hakuna betri. Nimeuziwa saa isiyo na mashine, mimi!

Nyota sifuri. Nikairudisha.

Kijana hakukana, nampa heshima yake. Alisema na yeye aliuziwa kwa mkupuo, hazijui. "Mzee wangu pesa imeshaingia kwenye mzigo, chagua kingine hapo tufidiane." Akavuta boksi la sabuni lililojaa nyaya na kanda. Mpwa wangu akapiga magoti, akaanza kuchakura. Humo ndimo alimopata kanda kubwa ya zamani tuliyofanyia kile kipimo cha vitufe vya bega. Nikiwa nachungulia midomo ya kanda mojamoja, nikaona nyingine ya kijani, stika imechanika nusu, chafu, kuna alama ya meno ya mtoto kwenye kona. Nikaiinua kwenye jua. Mwanga ukapenya. Nikachungulia: Nintendo. Kwenye kipande cha stika kilichobaki, namba mbili zimedidimia.

"Hiyo mbovu mzee," akasema. "Ukiiwasha inaandika makosa."

Nikaiwasha. Ikaandika kwamba betri ya ndani imekwisha, kwamba gemu linaweza kuchezwa lakini mambo yanayotegemea saa hayatatokea tena. Mpwa wangu akanikanyaga mguu ninyamaze. Emerald ilitoka Japani 2004 na kwingine 2005, na betri yake imeshamaliza umri; anayelalamika ndiye mwenye saa. Ile feki haikuwahi kulalamika hata siku moja, kwa kuwa haikuwa na kitu cha kufa. Isipokuwa kama betri imebadilishwa, basi Emerald inayowaka kimya kabisa leo ifungue uone.

Akatupa hiyo na ile kubwa, na juu yake akanirudishia 10,000. Sikumweleza chochote siku ile. Wiki iliyofuata nilirudi nikamwonyesha namna ya kuchungulia, kwa sababu nina dada mwenye watoto na yeye ana wateja wengine.

Kwa mnaotaka kubadilisha betri: CR1616 zipo, hata rimoti za funguo za baadhi ya magari huzitumia, lakini ya kanda inatakiwa iwe na miguu iliyochomelewa kiwandani. Usichomelee waya moja kwa moja kwenye betri, joto linaweza kuilipua au kuivujisha. Yangu niliagiza Kariakoo ikaja na basi. Kwa Emerald huna haja ya kuogopa, alichohifadhi mchezaji kinakaa kwenye chipu, betri inaendesha saa tu. Kanda za Game Boy za zamani, kama Pokémon ya nyekundu au ya dhahabu, ni kinyume: betri ndiyo inayoshikilia kumbukumbu, ukiing'oa umefuta. Fundi asiyekuuliza ni kanda gani kabla ya kushika bisibisi, ondoka kwake.

Nilipomaliza kuchomelea, ujumbe wa betri haukutokea tena. Kilichotokea ni cha mwenyewe wa zamani: jina la mtoto, herufi tano, na saa 212 za mchezo. Kanda hii inahifadhi mchezaji mmoja tu. Ukitaka kuanza upya, unamfuta wa kwanza.

Mpwa wangu alikaa na swali hilo jioni nzima. "Mjomba, kwani akija kuitafuta?" Nikamwambia ipo Iringa sasa, itatafutwa na nani. Akafikiri. Kesho yake nilimkuta kibarazani juani, anaogelea baharini kwenye skrini kwa jina la mtoto yule, na hadi anapanda basi la Makambako alikuwa hajalifuta. Zimefika saa 231.